Kwetu Njombe Simbilisi Dume Hazeeki

Mniwie radhi, mimi siongei nimekaa. Tangu nistaafu mikono yangu imepata kiherehere: nikikaa tu, inatafuta cha kushika. Nimeshapanga na kupangua makabati ya jikoni kwa binti yangu mpaka ameninyang'anya ufunguo. Kwa hiyo nyie kaeni, mimi nitazunguka huku nasema, na anayepata kizunguzungu kwa kuniangalia atazame ukuta.

Mmetaka habari za kazi. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wanyama wadogo kwenye kliniki moja hapa Toronto: sungura, panya wa kufugwa, na zaidi ya wote simbilisi. Wengine wenu mliokulia hapa neno hilo ndiyo mnalisikia leo. Simbilisi ni yule asiye na mkia, mnene kama andazi, anayepiga mluzi akisikia mlango wa friji. Wenzetu wa Kivu wanamwita dende. Kuna watu wanamwita pimbi, nami huwa nagombana nao, maana pimbi ni mnyama mwingine kabisa, anaishi kwenye mawe huko porini na hana habari na mtu.

Katika yote niliyofanya nitawaeleza moja tu: simbilisi dume mzee, na choo kinachomkwama nyuma. Msicheke. Haya, chekeni mmalize, nasubiri.

Kwetu Njombe simbilisi walikaa jikoni, karibu na mafiga, wanapita kati ya miguu ya mama. Sauti zao nilizijua kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nilipofika huku nikasikia kliniki inatafuta mtu wa kusafisha vizimba, niliingia kifua mbele. Simbilisi? Mnaniuliza mimi simbilisi? Haukupita muda akaletwa dume mmoja mkubwa, macho yamefifia, ananuka mpaka kwenye korido, nami namtazama sielewi kitu. Nimekua nao, nimewalisha, nimewala, na shida ile sijawahi kuiona!

Aliyenifumbua macho ni Daktari Nasim. Mama yule ni Muismaili, mzaliwa wa Dar es Salaam, Kiswahili chake ni kile cha Kisutu, kimenyooka, na akikasirika kinazidi kunyooka. Akaniuliza, "Mama Faraja, kwenu simbilisi dume anaishi mpaka lini?"

Nikamjibu, "Mpaka wageni waje."

Alicheka akashika meza. "Basi ndiyo maana. Huu ni ugonjwa wa uzee. Nyie hamjawahi kumwacha hata mmoja akazeeka."

Kweli kabisa. Kwetu Njombe simbilisi dume hazeeki, anageuka mboga.

Alivyonieleza yeye ndivyo nitakavyowaeleza. Mnyama huyu ana choo cha namna mbili. Kuna kile kikavu, punjepunje, kinadondoka nawe unafagia. Halafu kuna cha pili, laini, ambacho anainama anakila palepale kinapotoka, kwa sababu bado kina chakula ndani yake. Usikunje uso, wewe wa nyuma, Mungu ndivyo alivyompa. Sasa dume ana kifuko, hapo katikati ya njia ya haja na sehemu zake za kiume. Akiwa kijana misuli ina nguvu na kila kitu kinatoka chenyewe. Akizeeka misuli inalegea, kile choo laini kinabaki kwenye kifuko, kinajikusanya pamoja na manyoya na vumbi la matandiko, mwisho kinakuwa donge. Na donge hilo linanuka, wanangu! Linanuka uvundo mzito, si harufu ya choo mliyoizoea, na unatembea. Ukisimama sebuleni unadhani umetokea sebuleni, ukienda chumbani unadhani umetokea chumbani.

Watu wetu wanaponzwa na neno. Wakimwona anajikamua, wanasema, "Amefunga choo." Ukishasema amefunga choo, ulimi umeshakupa na dawa: papai, ukwaju, maji ya uvuguvugu. Masikini ya Mungu! Papai lina sukari, choo laini kinazidi kulainika, na donge linakua. Tumbo lake halina kosa lolote. Kilichochoka ni mlango.

Daktari Nasim alikuwa na amri moja, nami naiacha kwenu: geuza kwanza. Usiulize, usibashiri, usimpe kitu. Mgeuze, mtazame. Alikuwa akiisema hata mnyama ameletwa kwa kukatwa kucha. "Umegeuza?" Bado. "Basi unaongea nini?"

Njia zenyewe zimebadilika. Zamani tuliwaogesha mwili mzima, tukawakausha kwa mashine ya nywele, wanyama wanatetemeka mpaka meno yanagongana. Tulikuwa na kijana Mkenya, Oti tulimwita, mcheshi huyo, siku moja akaamua sabuni ya vyombo ndiyo itamaliza kazi. Simbilisi akamchomoka kama samaki, akaingia ndani ya mkono wa koti lake, akakwama kwenye kiwiko. Oti anazunguka chumba kizima anapiga kelele, "Ametoka? Ametoka?" Ilibidi tukate koti. Siku hizi hatuogeshi mwili, tunasafisha mahali penyewe tu, kwa maji ya vuguvugu na mafuta mepesi yasiyo na manukato, na hatuna haraka. Kwa mtu kama mimi hiyo ya kutokuwa na haraka ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote.

Sasa niwape kisa cha mwaka huu, maana kimeninyima utulivu hata leo.

Jumapili moja ya baridi, baada ya ibada yetu ya Kiswahili, Mzee Luvanda alinivuta pembeni penye makoti. Huyu mzee alifanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege miaka mingi, anaishi Weston kwenye ghorofa zile za zamani kando ya mto. Mkewe ni Bi Esta, mtu wa kwetu, ana ugonjwa wa kusahau. Anatazama uso wako, anaupenda, lakini jina lako halioni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, dada. Nina shida ya haraka." Akaangalia huku na huku. "Ijumaa Esta anapelekwa nyumba ya kulelea wazee. Binti yetu Upendo ameshakubaliana nao. Anasema mama yake hajimudu tena, hata usafi. Sawa, mimi nimeshindwa kubisha. Ila naomba asiondoke huku baba yake anaumwa."

Nikamtazama. Mkewe ana miaka sabini na kitu. "Baba yake yupi?"

"Si yule simbilisi! Amefunga choo. Nimempa papai mpaka nimechoka."

Ikabidi anieleze. Bi Esta alipompata yule simbilisi alimwita Baba, kwa utani tu, eti sharubu ni za marehemu baba yake. Wote nyumbani wakachukua utani huo. Mzee naye akawa anamwamkia "mkwe". Halafu kumbukumbu zikaanza kuondoka, moja baada ya nyingine, na utani ukabaki peke yake, sasa si utani tena. Kwa Bi Esta yule ni baba yake mzazi, amekuja Toronto kumwona, na mtu akitaka kumwinua anapiga kelele.

"Umemgeuza?" nikamuuliza.

Mzee akashtuka kabisa. "Nimgeuze? Dada, namwita mkwe kila asubuhi. Nitamfunua vipi?"

Alicheka, lakini niliona hakuwa anatania sana. Unaweza kumwita mnyama mkwe siku moja ukacheka. Ukimwita hivyo kila siku, heshima inaingia bila kubisha hodi, na siku ya kumtazama nyuma mkono unagoma. Kosa hilo sijaliona kwa Mzungu yeyote.

Asubuhi yake nilipanda treni ya chini ya ardhi halafu basi, kutoka kwangu St. James Town mpaka Weston. Basi lilikwenda kama linasindikiza maiti. Mimi na mfuko wangu: taulo, pamba, glavu, kichupa cha mafuta. Nilisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Nilikuwa na wasiwasi wa jambo moja. Simbilisi asiyekula si wa kusubiri, utumbo wake ukisimama anakufa upesi, na huyu alikuwa amelishwa papai siku kadhaa. Mkikuta hataki kula, au amevimba, au ana damu, au amejikunja kona hataki kuguswa, msijifanye mafundi, ni daktari siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeshapiga simu kliniki, wakasema wanaweza kumwona mchana.

Mlango alifungua Upendo, binti yao. Ameletwa huku mdogo, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu Kiingereza. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba, kwa sababu madirisha yote yalikuwa wazi na baridi inaingia moja kwa moja. Kila meza ina mshumaa wa manukato. Hata sijavua kiatu cha pili, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake cha haraka: samahani Anti, harufu hiyo ni ya mama. Namwogesha, namaliza, baada ya muda mfupi inarudi. Mimi ninafanya kazi, baba hawezi, nimejaribu kila kitu. Akaanza kulia kimyakimya, huku anatazama juu ili machozi yasidondoke.

Nami nilikuwa nimeshaipata ile harufu. Niliipata pale mlangoni, mguu mmoja ndani ya kiatu. Nilitaka kupiga kelele. Lakini je, kama nimekosea? Nimpe mtoto wa watu matumaini, halafu nikute mnyama ni msafi? Nikajiambia, geuza kwanza, mama, funga mdomo.

Bi Esta alikuwa kwenye kiti karibu na hita, nywele zimesukwa vizuri, kapu mapajani. Ndani ya kapu, chini ya kipande cha kitenge, simbilisi dume mkubwa. Alikuwa anatafuna jani. Niliona taya lile linakwenda, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Kamwene," nikamwamkia kikwetu.

"Kamwene!" Uso ukafunguka. "Umekuja kumwona baba? Karibu. Anaumwa baba."

Nikanyoosha mikono. Hata sijamgusa, akalifunika kapu kwa mwili wake wote. "Acha! Nani amekutuma umfunue baba yangu mbele za watu?"

Mzee Luvanda akarudi nyuma. "Unaona, dada?"

Upendo akasema tumwache, tusimpandishe hasira, Ijumaa si mbali. Nami mikono inaniwasha. Kwenye kliniki ningekuwa nimeshamaliza. Nikazunguka kile chumba, nikafunga dirisha moja, nikalifungua, nikarudi nikapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Mama," nikamwambia, "baba alipokuwa hajiwezi kule nyumbani, nani alikuwa anamwogesha?"

Nilidhani swali limempita.

"Mimi," akasema. "Kaka zangu hawakutaka. Shangazi akasema mtoto wa kike haogeshi baba. Nikawaambia, basi aoze?" Akatutazama sote kwa ukali, kama sisi ndio wale kaka. "Leteni maji. Mnasimama tu!"

Loo! Mzee alikimbia jikoni utadhani ana miaka ishirini. Maji yalipokuja Bi Esta akayajaribu kwa kiwiko, akayarudisha, ya moto mno. Ya pili akayakubali. Mikono yake haikuwa imesahau kitu.

Sasa tazameni hapa, maana hii ndiyo kazi. Unamfunga taulo kifuani asirushe miguu ya mbele. Unamkalisha mapajani, mgongo wake umeegemea tumbo lako, miguu ya nyuma inatazama mbele. Usimlaze chali kabisa, anahema vibaya. Bi Esta alimshika hivyo hata sijamwonyesha, akawa anamwimbia puani. Mimi nikavaa glavu nikatazama. Kifuko kimejaa, donge jeusi, limekauka juu. Nikatia matone ya mafuta, nikasubiri. Hapa ndipo watu wanapoharibu, wanavuta. Usivute kamwe, ngozi ya ndani ni laini kuliko ya kope, itachanika. Mafuta yakishaingia, unabonyeza kwa vidole viwili kutoka pembeni, polepole, kifuko kinafunguka chenyewe, na donge linakuja. Likigoma, mafuta tena. Likigoma tena, acha, mpeleke kwa daktari.

"Taratibu," Bi Esta akaniambia. "Huyo ni mtu mzima."

"Ndiyo, mama."

Likatoka. Sitawaeleza zaidi, wengine hamjala. Upendo aliziba pua akarudi nyuma mpaka ukutani. Nililifunga kwenye karatasi, karatasi kwenye mfuko, nikampa Mzee akalitupe kwenye shimo la taka kule koridoni. Aliondoka ameushika mfuko mbali na mwili. Aliporudi alifunga mlango, akasimama pale na mkono kwenye kitasa, ananusa. Akanusa tena.

Upendo alimwona. Akatoka ukutani, akaja nyuma ya kiti cha mama yake, akainama, akaweka pua shingoni kwake, nyuma ya sikio, kwenye nywele. Alikaa hapo muda.

"Sabuni," akasema. "Sabuni tupu."

Nikamwambia sasa, wazi, kwa kuwa hakuna faida ya kuzungukazunguka: "Haikuwa ya mama yako. Ilikuwa ya huyu."

Akakaa chini kwenye zulia na lile koti lake. Yakamtoka yote, kwa Kiingereza, anajikwaa. Kwamba mama alikuwa anamwambia nimeshaoga, mwanangu, nimeshaoga, naye anamwambia umesahau, anamvua nguo kwa nguvu, anamwogesha upya. Kwamba kuna siku amemwogesha asubuhi, mchana na jioni. Akaivuta juu mikono ya sweta la Bi Esta atuonyeshe. Ngozi ilikuwa nyekundu, imekwanguka kwa kusuguliwa. Mzee aliona, akageuza uso. Mimi nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani. Watu wawili wazima ndani ya nyumba, na wageni wote wa kanisani waliokuja kunywa chai, kila mmoja ameinusa, kila mmoja ameona adabu kunyamaza, na anayelipa ni yule asiyeweza kujitetea. Adabu gani hiyo? Wanangu, kama kitu kinanuka, semeni kinanuka, halafu mtafute!

Upendo akainuka, akatoka na simu kwenye baraza, mlango wa kioo ukiwa wazi. Tulimsikia. Aliwaambia watu wa nyumba ya wazee wasimtegemee mama Ijumaa. Wakamuuliza kitu, akasema hapana, si kuahirisha, hatuji.

Sisi tukaendelea, kwa sababu donge kutoka si mwisho wa kazi. Mikunjo ya ndani inabaki na utelezi, na vijiti vya nyasi vinajificha humo, unapitisha pamba yenye mafuta mara kadhaa, halafu unakausha. Huku nafuta, namfundisha Mzee, maana yeye ndiye atakayebaki na kazi. Hiki kitu hakiponi, nikamwambia. Misuli ya uzee hairudi. Utamtazama kila siku kwa sasa, baadaye utajua mwenyewe ni baada ya muda gani. Papai mwiko. Nyasi kavu ziwe kama kichuguu, azile mchana kutwa, ndizo zinazofanya choo kiwe kikavu. Kipande cha pilipili hoho kila siku, kwa sababu mwili wake hautengenezi vitamini C. Matandiko makavu. Na ashuke kwenye hilo kapu atembee, unene nao unalegeza misuli. Mchana twende kliniki daktari amkague. Mzee akawa anaitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama akiwa anamgeuza aombe radhi kwanza. Nikamwambia aombe, haidhuru.

Upendo akarudi ndani. Hakuja kwangu, hakwenda kwa baba yake. Alipiga magoti palepale nilipokuwa nimepiga mimi, akaishika ile mikono iliyokwanguka, akaitazama. Halafu akasema kwa Kiswahili, polepole, anatafuta kila neno:

"Mama, naomba unisamehe."

Bi Esta alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyepotea njia. Hakuna alichokumbuka. Kuvuliwa nguo, kusuguliwa, kubishiwa, yote yalikuwa yameshaondoka, na sasa hakuna wa kuyasamehe.

"Nikusamehe nini?" akamuuliza. "Maji yanapoa. Njoo umshike babu yako miguu."

Upendo akavua koti, akaja, akashika.